Hadithi Zangu na Msimu wa Mbinzo

Nyinyi vijana wa kikundi cha kusoma cha hapa Mangobo, Jumapili mlikuja kwangu, mkakaa kwenye mkeka wangu bila kuvua viatu, mkaniita Koko kama bibi yenu, mkaniuliza: hadithi ulikuwa unazitoa wapi? Mmoja wenu, yule mwenye miwani, akajibu mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Alisema mtunzi anapata mafunuo. Mimi mafunuo siyajui. Nimetunga hadithi tangu ujana mpaka meno yalipoanza kuniaga, nimelipwa kwa kazi hiyo mara kwa mchele, mara kwa ahadi, na sijawahi kufunuliwa kitu ila chungu. Bon, nimeandika jibu. Limenichosha mkono, juu masomo yangu yaliishia pale masista walipotufundisha kuandika majina yetu na kushona pindo. Mkiona kosa la herufi, lirekebisheni kimya kimya na msinipigie kelele.

Hadithi zangu zilitoka kwenye mbinzo.

Najua mnacheka. Mlitaka niseme mto, au mababu, au maumivu ya taifa. Maumivu ya taifa niliyaona kwa macho, nitayafikia. Lakini hayajanipa hata hadithi moja ambayo watu waliisikiliza mpaka mwisho. Mbinzo zimenipa zote.

Sikilizeni. Kuna wakati katika mwaka ambapo unaingia msituni upande wa Bengamisa, mbingu ni nyeupe, hakuna wingu, na unasikia mvua. Matone madogo madogo juu ya majani makavu, taratibu, kila upande. Unanyoosha mkono. Haulowani. Unatazama juu na huoni kitu. Ni mbinzo, wale viwavi, ziko kileleni kabisa mwa mti, hazihesabiki, zinakula majani na kutupa uchafu wao chini. Mvua ya mavi, kwa kusema kweli, na mimi sijasikia muziki unaoipita. Mwili wote unaamka. Unajua kwamba siku si nyingi zitaanza kushuka zenyewe, na kwamba mtu mwingine naye amesikia mvua hiyo, na mtu huyo ni shemeji yako.

Hapo hadithi imeanza. Sijaweka mfalme, sijaweka jini. Nimeweka mwanamke mmoja, msimu mmoja, na shemeji mwenye kikapu kikubwa kuliko chako.

Niliwasomea wanangu ile hadithi mliyoniachia, ya msichana anayekunywa divai Ulaya huku theluji ikianguka na moyo wake ukivunjika. Imeandikwa vizuri, herufi zote ziko mahali pake. Mwandishi wake nilimwuliza swali moja tu, na nalirudia hapa: hiyo theluji, wewe uliyeandika, umewahi kuikanyaga? Inatoa sauti gani chini ya kiatu? Ulisema ni ishara. Sawa. Lakini wewe huyo, nilikuona kwa macho yangu wakati wa safu, yale matunda yetu ya zambarau, umeyalaza kwenye majivu ya moto, unayageuza kwa kidole, unayaiba kabla hayajalainika, na midomo imekuwa ya zambarau mpaka kidevuni. Ulikuwa na furaha ambayo msichana wa theluji hajaijua kwa siku moja. Kwa nini umempa yeye kurasa zote na safu hukuyapa hata mstari?

Mimi nilipata funzo hilo kwa aibu, na aliyenifundisha ni Mama Zaina. Huyu alikuwa mtoto wa Waislamu wa zamani wa hapa mjini, wale ambao babu zao walileta mchele katika nchi hii, na kwa mchele alikuwa na kiburi kama aliuumba mwenyewe. Alikuwa mkubwa wetu katika depo ya mchele. Tulikuwa wanawake wengi, tumekaa kwenye mikeka, kila mmoja na ungo wake, tunatoa mawe na makapi kutoka asubuhi. Mimi mtoto wa wavuvi wa Yanonge, nilifika pale nikijua samaki tu. Lakini nilikuwa na mdomo, na patron, mwenye depo, aligundua kwamba siku ninayoongea wanawake hawaombi ruhusa ya kwenda nyumbani. Akaniambia niache ungo wangu, niongee. Ndivyo nilivyopata kazi ya kutunga hadithi, wenzangu. Sikuchaguliwa na mbingu. Nilichaguliwa na mtu aliyetaka mchele wake usafishwe.

Nilivimba kichwa. Nilisema sasa mimi ni mtu wa maana, hadithi zangu ziwe za maana. Nilikuwa nimeona sinema moja kwa mapadri, nikatoa humo mtoto wa malkia, ngome ya mawe, farasi. Nilianza kwa sauti ya kanisa. Mtoto wa malkia alikuwa amefungiwa ndani ya mnara, akilia.

Mama Zaina akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo: "Alikuwa anakula nini mule ndani?"

Nikasema mkate.

"Na nini?"

Nikafikiri. Nikasema, na mkate.

Depo yote ikaanguka kwa kicheko. Wiki nzima kila aliyefungua chakula chake alimwuliza jirani: leo unakula nini, Mama? Mkate na mkate. Na Mama Zaina aliniita kando, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Beti, wewe haumupende ule mutoto. Haujui hata anasikia njaa saa ngapi. Kesho utuletee mutu mwenye unajua chungu yake."

Kesho yake nikaleta mwanamke wa mbinzo.

Niwape pia ufundi kidogo, kwa kuwa mnasema mnataka ufundi. Usitazame uso wa anayekusikiliza. Uso unadanganya kwa adabu. Tazama mikono. Wanawake wakichagua mchele haraka haraka, hadithi yako imewachosha, wanataka kumaliza na kwenda. Mikono ikisimama kabisa, umewakamata, lakini patron atakukata mshahara. Hadithi nzuri ya depo ni ile inayofanya mikono iende polepole na isisimame, kama mtu anayekula samaki mwenye miiba. Nyinyi mnaandika, hamuoni mikono ya mtu. Msomeeni basi mama zenu jikoni, na mtazame visu vyao kwenye kitunguu.

Uhuru ulipofika, alikuja depo bwana mmoja wa chama, koti, kalamu mbili mfukoni. Alikuwa amesikia kwamba niko na hadithi. Akataka nitunge moja ya uhuru, niitoe mbele ya watu uwanjani. Nilimtungia kwa moyo wote. Watu wanakwenda uwanjani kuona bendera mpya ikipanda, jua linachoma, hotuba haiishi, na mama mmoja katikati ya umati anakumbuka kwamba ameacha safu kwenye majivu. Anasogea kidogo kidogo kutoka. Jirani yake anamwona, anajua, anamfuata. Na jirani wa jirani. Yule bwana alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani yake. Aliniuliza: "Mama, sasa bendera iko wapi humo?" Nikamwambia bendera iko pale pale uwanjani, haijaenda popote, wao ndio walikwenda kula. Hakunirudia. Lakini wanawake wa depo waliiomba hadithi ile mpaka makapi yakaisha, na kama kuna siku tulihisi tuko huru ni pale, tukifikiria watu wanatoka katikati ya hotuba bila kumwomba mtu ruhusa.

Miaka mingi baadaye, redio ya hapa ilinichukua. Hapo njia ya kazi ilibadilika. Walinifungia ndani ya chumba chenye magunia ukutani, mbele yangu kijiti cha chuma, na tonton mmoja, mzee wa mitambo, nyuma ya kioo ananionyesha vidole. Niongee na nani? Chuma hakina mikono. Juma lililofuata nilikwenda na ungo wangu na mchele, nikakaa chini, nikaanza kuchagua, na maneno yakatoka yenyewe. Yule tonton alilalamika juu ya kelele ya mchele. Wasikilizaji waliandika kushukuru kwa sababu tumeweka mvua nyuma ya hadithi. Kuanzia siku ile ungo ukawa mali ya redio na mimi nikakatazwa kuurudisha nyumbani.

Sasa maumivu ya taifa.

Haya yalikuja kabla ya redio, uhuru ukiwa bado mchanga. Waasi walipoingia mjini, patron alikuwa ameshaondoka na askari wa serikali walikuwa wameacha magwanda yao kwenye mitaro. Waasi walichukua depo. Sisi walituambia tubaki, tuchague mchele kama kawaida, ila sasa ni wa wapiganaji. Walituwekea walinzi mlangoni. Mkubwa wa walinzi aliitwa Faustin, mwanaume mzima wa Bengamisa, shingo nene, kabla ya vita alikuwa anapanda michikichi kukata ngazi, matunda yake ya mafuta. Watu hao walikuwa wamepewa dawa ya kuzuia risasi, na dawa hiyo ilikuwa na masharti. Wasiguse mkono wa mwanamke. Wasile chakula kilichopikwa na mwanamke wa nje ya kambi. Aliyewapikia ni mwanaume mmoja ambaye, sitaki kumsema vibaya marehemu, alikuwa na kipaji cha kufanya wali uwe gundi. Wali huo na sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, asubuhi na jioni, kwa majuma.

Na ulikuwa msimu wa mbinzo.

Mimi nilifanya kazi yangu. Nilitoa hadithi ya mwanamke wa mbinzo kama nilivyoitoa kila mwaka. Jinsi anavyozikamua tumbo kwa vidole viwili. Jinsi anavyozibabua mpaka manyoya yanaisha. Mafuta ya mawese, kitunguu, pilipili moja nzima juu ili inukie tu. Na shemeji anatokea mlangoni na kikapu kitupu, anasema hakai, anapita tu. Nilitazama mikono ya wanawake, ikaenda polepole, nikaridhika. Sikutazama mlangoni. Mlangoni mikono ilikuwa imesimama.

Siku ile Mama Zaina alikuwa na chungu cha mbinzo za kweli kwa chakula chetu cha mchana. Walinzi waliomba kwanza kunusa. Kunusa hakukuwa katika masharti. Halafu mmoja akasema kuonja si kula. Alipomaliza kusema hivyo kitako cha chungu kilikuwa kimeshaonekana.

Kesho yake walipelekwa kupigana kwenye barabara ya kaskazini, wakarudi wamebeba wenzao. Waliokufa, wengine walikuwa wamekula mbinzo, wengine hawajawahi kukanyaga depo yetu. Risasi haikumwuliza mtu amekula nini. Lakini mganga wa dawa aliuliza, na walinzi wakasema ukweli wote, kwamba iliyowaponza ni hadithi.

Komanda wao alikuja mwenyewe, mchana kweupe. Mtu mfupi, ukanda wa ngozi ya chui kwenye kofia, bastola. Alikaa juu ya gunia la mchele katikati ya ua, akatusimamisha mstari, akaanza na Mama Zaina: chungu ni cha nani?

"Chungu iko yangu, papa," akasema. "Lakini chungu yangu ilikuwa na mufuniko. Hadithi ya huyu ndiyo haikuwa na mufuniko."

Na akanionyesha kwa kidevu. Mwalimu wangu. Nilimkasirikia, msifikiri ni vingine, lakini hata kwa hasira niliona kwamba amelipanga jibu lile vizuri sana.

Komanda akasema kuna watu wamenilipa nivunje dawa ya jeshi kwa mdomo. Akasema niitoe hadithi ile pale pale, vile vile, maneno yote, asikie kilichomo. Akaiweka bastola juu ya paja.

Vijana, mniambie nyinyi wenye mafunuo, mngefanya nini? Nikiitoa vizuri, watu wake watameza mate mbele yake, na huo ndio ushahidi. Nikiitoa vibaya, atasema namficha kitu. Nilikuwa na watoto wadogo nyumbani. Nikachagua kuitoa vibaya. Nikasema kulikuwa na mama mmoja, alikwenda msituni, alipata vitu, akarudi nyumbani. Mwisho.

Faustin, amesimama nyuma ya komanda na bunduki yake, akakohoa. "Mama, haukusema vitu. Ulisema mbinzo."

Nikasema kweli, samahani, mbinzo. Akazipika.

"Hapana," akasema mlinzi wa pili. "Kwanza alizikamua."

"Kwa vidole mbili," akasema mwingine.

"Na pilipili ulisahau."

"Pilipili inakuja nyuma. Kwanza kitunguu."

"Na yule shemeji," akasema Faustin, na sauti yake ikalainika, "yule wa kusema anapita tu. Unamuacha wapi yule shemeji?"

Wakaisema yote. Wakasahihishana. Mmoja aliigiza shemeji, pua juu, kikapu kwapani, na wanawake wawili wakashindwa kuzuia kicheko wakaficha uso kwenye kitenge. Mimi nilisimama nikisikiliza hadithi yangu ikitoka kwenye midomo ya watu wenye bunduki, na sitawadanganya, niliona kwamba mmoja wao ameitengeneza mahali nilipokuwa siku zote naiharibu. Baadaye niliibakiza alivyoisema yeye.

Komanda aliwatazama mpaka wakanyamaza wenyewe. Hakucheka. Nadhani alikuwa anapiga hesabu yake: akiniua mimi kwa hadithi hiyo, itabidi awaue na mashahidi wake, na vita bado ilikuwa inahitaji watu. Akasimama.

"Hadithi utaendelea," akaniambia, "juu wanawake bila hadithi wanasinzia, na muchele yenye mawe inavunja watu yangu meno. Lakini chakula, hapana. Chakula kimoja kikitoka mu kinywa yako, hata chai, huyu atakuleta kwangu na hatutaongea." Huyu alikuwa Faustin. Tangu siku ile aliacha mlango, akawekwa kwenye kiti ndani ya depo, kazi yake kusikiliza kama nimetaja chakula.

Mnaelewa adhabu hiyo? Alikuwa amenikata ulimi akaniachia sauti. Nilianza na hadithi za mashujaa. Mikono ya wanawake ikakimbia. Nikatunga ya mapenzi, lakini wapenzi wangu hawakuwa na mahali pa kukutana, kwa sababu siku zote niliwakutanisha jikoni. Nikatunga ya mnyama mwenye busara, na wazee wawili walilala wamekaa. Mama Zaina alisema: "Beti, wewe umeshakufa tayari, komanda hana kazi tena." Na mawe yalipita kwenye mchele, na waasi walilalamika meno, na habari za meno zilikuwa zinakwenda kwa komanda. Nikaona kwamba nitakamatwa kwa hadithi mbaya kama nilivyokamatwa kwa nzuri.

Basi asubuhi moja nilirudi kwa mwanamke wangu. Nilikuwa naogopa, lakini nilikuwa pia nimemkosa, kama unavyomkosa dada. Nikasema anatembea msituni, mbingu ni nyeupe, na anasikia mvua. Ananyoosha mkono. Haulowani. Sikusema ni nini. Nikasema anatua kikapu chini, polepole, na anatazama nyuma kama kuna mtu. Anarudi nyumbani wakati jua limesimama. Anapuliza moto. Anakunja mikono ya blauzi. Vidole viwili vinafanya kazi, na sikusema kazi gani. Kitu kinalia kwenye moto, kwanza kwa nguvu, halafu kinatulia. Moshi unapita chini ya paa, unavuka uzio, unakwenda nyumba ya pili. Na katika nyumba ya pili mtu anaacha kufagia. Anachukua kikapu kitupu. Anakuja, anasimama mlangoni, pua juu, anasema hakai, anapita tu.

Nikanyamaza.

Nilinyamaza muda ambao mtu anahitaji kufunua chungu, kutazama ndani, na kufunika tena. Mikono yote ya depo ilikuwa imesimama. Hata ya Mama Zaina, na huyo mikono yake haikuwahi kusimama kwa ajili yangu tangu siku ya mkate. Nilisikia koo zikimeza, moja baada ya nyingine, kwenye mikeka yote.

Faustin akainuka kutoka kwenye kiti chake.

Alikuja katikati ya mikeka na bunduki begani, na wanawake walivuta miguu ili asiwaguse. Nilirudia moyoni kila neno nililosema, nikalichambua kama mchele, kama kuna chakula kimeniponyoka. Sikukiona. Lakini anayehukumu hakuwa mimi. Alifika mbele yangu, akachuchumaa, akatazama mlango, akatazama dirisha. Akasogeza uso karibu, mbali kidogo tu asivunje sharti lake.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "pale penye ulinyamaza. Iko na chumvi?"

Nikamwambia aonje mwenyewe.